Gitaa la Mume Wangu Maktabani

Wenzangu wanaowaonea wivu waume zao huanza na mwanamke fulani. Wivu wangu ulianza na gitaa, tena maktabani, mahali palipobandikwa tangazo la kutaka watu wakae kimya.

Ilikuwa miaka ya kisomo cha watu wazima, pale Kilosa. Mimi nilikulia milima ya Mamboya, nikasoma shule ya misheni, na kila alasiri nilikuwa nafundisha akina mama wa mjini kusoma na kuandika. Mume wangu alikuwa mtu wa Ulaya, hii Ulaya yetu, kijiji cha huku Kilosa, si ile ya wazungu. Siku za kazi alikuwa fundi baiskeli, Jumamosi mpiga gitaa. Ndoa yetu ilikuwa na miaka mingi na mtoto hatukujaliwa. Nayasema mapema ili yaishe.

Wanafunzi wangu walipofuzu, mkutubi aliandaa siku ya kusoma hadharani.

"Mwalimu, hawa mama zetu wataona haya mbele za watu," akaniambia. "Shemeji akija na gitaa lake, haya itawatoka."

Kweli iliwatoka. Mama anasimama, anasoma ukurasa wake katika kitabu cha ufugaji wa kuku, na akimaliza tu mume wangu anamwimbia papo hapo: Mama Fulani kasoma leo, jana alitia dole gumba! Vigelegele vinajaa chumba. Kila mmoja aliitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama ilivyo desturi. Mimi nimekaa kwenye benchi la pembeni, vumbi la chaki bado limo kuchani. Mkono wangu ndio ulioishika mikono yao juu ya karatasi mpaka "a" ikafanana na "a". Nyimbo wanapewa wao.

Roho iliniuma zaidi alipofika muuza maandazi. Huyo alisoma huku macho yakiwa kwenye nyuzi za gitaa, akaruka mistari, ndiyo maana kuku wake walichanjwa kabla hawajatotolewa. Mume wangu akamwongezea ubeti wa pili. Nani alimwomba?

Ndipo mkutubi akapaza sauti, "Na Mwalimu je? Mwalimu naye aimbiwe!"

Makofi yakapigwa. Mume wangu akainamia gitaa, akawa anakaza nyuzi ambazo zilikuwa zimeshakazwa. Niliijua shida yake. Wimbo ulianza na "Mama", na mimi sikuwa mama wa mtu. Kuniita mke wake mbele za watu hawezi. Kwao mwanamume anayemsifu mkewe hadharani huambiwa kalishwa limbwata. Kisha akapiga wimbo mzima, mpya, ambao sijawahi kuusikia, bila neno hata moja. Akina mama hawakujua vigelegele waviweke wapi. Kwa mara ya kwanza siku ile, lile tangazo la ukutani lilitiiwa.

Tulirudi kwa baiskeli, mimi kwenye keria, gitaa mapajani.

"Wote umewaimbia," nikasema. "Mimi umenipigia kama tuko msibani."

"Maneno yangeanzaje?"

"Ungeniita Mwalimu."

"Mwalimu ni jina lao wao. Mimi sikuoa mwalimu."

Jibu lilikuwa zuri, lakini halikunituliza. Usiku ule nilililia lile jina ambalo hakuwa nalo la kuniitia, na yeye alijua ninachokililia.

Hazikupita wiki nyingi wimbo ule ukawa midomoni mwa mji. Vijana waliupiga mbinja stesheni, na tukasikia umefika hadi Mikumi. Muuza maandazi ndiye aliyeutia maneno. Alikuwa akipita mtaani kwetu na beseni kichwani, anaimba, na neno la kwanza lilikuwa "Mama", likifuatiwa na jina la mwanawe. Wimbo wangu huo! Nilimchukia mpaka nikayasusa na maandazi yake, na yalikuwa matamu.

"Mwambie aache," nikamwambia mume wangu.

"Wimbo si mbuzi. Niufunge kamba?"

Alisema hivyo huku analichukua gitaa. Akakaa kwenye kigoda, akaanza kuupiga, taratibu, bila neno, kama siku ile. Nje nikasikia kandambili zikija, kisha zikasimama chini ya dirisha letu. Muuza maandazi akakohoa kidogo kusafisha koo, tayari kuanza na "Mama" yake.

Nikainuka, nikafunga dirisha, nikatia na komeo. Ilikuwa mchana kweupe, na joto la Kilosa mnalijua.

"Tutaiva humu," mume wangu akasema.

"Wewe piga."