Mswada Uliorudi na Fundo Lake

Fanueli wa kijiji cha Lukozi, milimani, alianza kwa kubeba matenga ya watu, akaja kuwa na yake. Kabichi zake zilishuka Tanga na Dar es Salaam kwa lori, na kila tenga alilifunga mwenyewe kwa kamba ya mkonge, kwa fundo ambalo hakumfundisha mtu. Ukijua pa kuvuta, linaachia mara moja. Usipojua, utakata kamba. Tenga likichokolewa njiani, lazima ajue.

Masomo ya watu wazima yalipopamba moto, aliona vitabu vya kilimo vilivyoletwa darasani: pamba, korosho, mkonge. Cha mtu anayelima mteremkoni hakikuwepo. Akaandika chake kwa mkono, miaka miwili: kuzuia udongo usishuke na mvua, kupanga kabichi zisichubuke, kijiji kizima kuuza kwa sauti moja. Alitaka kichapwe kiwafikie watu wa kijiji cha Mtae, waliokuwa wakimwaga nusu ya mazao korongoni kwa kutojua kufungasha. Aliuzungushia mswada karatasi ya mfuko wa saruji, akatia fundo lake kwa mazoea tu, akautuma kwa wachapaji Dar es Salaam.

Ulirudi baada ya miezi kumi na mmoja, barua imechomekwa chini ya kamba. Kamati, ilisema barua, imeusoma kwa makini. Lugha yake ni nzito, wala haugusi maisha ya kijiji cha ujamaa.

Mkewe Zipora, aliyekuwa akimenya viazi, aliutazama mzigo kuliko barua.

"Baba Raheli, hilo fundo si lako?"

Lilikuwa lake, halijaguswa. Mchana ule Fanueli hakula. Mnunuzi kukataa mzigo ni haki yake, lakini hufungua kwanza. Barua ile ilikuwa ya uongo.

Juma lililofuata alipanda lori pamoja na kabichi zake mpaka Dar es Salaam. Mhariri, kijana aitwaye Kristofa, alimpa shikamoo safi na chai, akayarudia yote ya kwenye barua. Akasifu hata sura ya tatu. Mswada haukuwa na sura. Fanueli aliuweka mezani, akamwomba amwonyeshe hiyo sura. Kristofa akavuta kamba huku, akavuta kule, akaingiza kucha, akainama akang'ata kwa meno. Mwisho akafungua mtoto wa meza kutafuta mkasi.

"Acha mkasi, ndugu. Mlipousoma kwa makini, mliingilia wapi?"

Kijana akacheka kidogo, akafuta midomo. Akasema miswada ni mingi, watu wachache. Mzee auache tu, safari hii atausoma mwenyewe.

Ahadi ya kusomwa ndiyo aliyoifuata Fanueli, na sasa alikuwa amepewa. Akaitazama kamba iliyolowa mate. Aliyekuambia amekagua mzigo ambao hakuufungua, kesho atakuambia ameuchapa. Akavuta mara moja, fundo likaachia. Mswada akautia kwapani.

"Kamba baki nayo. Ndiyo pekee uliyoigusa."

Mpaka leo haujachapwa. Huazimwa Mtae, huazimwa kijiji cha Gare, umefungwa kwa fundo lilelile. Hurudi kamba imekatwa na kuungwa, mafundo ya ovyo, karatasi ina masizi na alama za vidole. Anayeurudisha hutoa shikamoo mlangoni. Fanueli hutazama fundo kwanza, ndipo aitikie.