Saa Kumi na Nane za Pilau

Nakumbuka Jumapili moja asubuhi, mwanangu, nilipobanwa na maneno yangu mwenyewe ndani ya chumba changu mwenyewe cha kazi, chini ya diploma yangu mwenyewe.

Diploma hiyo bado iko ukutani, ukija uitazame. Nilikuwa nimerudi Migori kutoka Nairobi, na wakikuambia nilishindwa na maisha huko usiwasikilize. Nilirudi kwa hiari, na kompyuta niliyoinunua kwa jasho langu, nikawa mtu wa kwanza mjini kutengeneza maandishi na picha zinazotembea kwenye skrini. Labda wa pili. Yule mwingine hakuwa na diploma.

Mteja wangu wa kwanza wa maana alikuwa Mama Awuor, Msabato, mwenye mashine ya kusaga mawe ya dhahabu kule Masara. Upepo ulikuwa umeng'oa paa la kanisa la kwao Kosele, na Jumapili hiyo saa nane mchana kulikuwa na harambee. Alitaka video ya sekunde thelathini ya kuwafungua watu mioyo, na mifuko pia. Wageni wangetoka Migori na Homa Bay nzima. Nilijua video ikipendeza nimepata wateja wa mwaka mzima. Ikikosekana, nitafungasha kompyuta nirudi Nairobi kimya kimya, baada ya majigambo yote yale.

Jumatatu aliniuliza bei. Badala ya kumpa bei, nikampa hotuba. Nikamwambia mafundi wakubwa hulipwa kwa saa.

"Na hizo saa, nyathina, nitajuaje ni ngapi?" akauliza. Aliniita mwanawe tangu siku ya kwanza, na mimi nikadhani ni dalili ya udhaifu.

Nikamweleza kwamba fundi akishapanga picha zake, kompyuta huziunganisha moja moja mpaka ziwe video, kazi tunayoiita kurenda, na inaweza kuchukua siku nzima. "Hizo pia ni saa zangu, Mama. Kompyuta ikifanya kazi, fundi anafanya kazi." Nikaliandika hilo kwenye karatasi, nikalipiga muhuri. Ndiyo, nilikuwa na muhuri. Akaikunja karatasi, akaitia ndani ya Biblia yake.

Sasa, ukilipwa kwa saa, kila wazo linalochelewesha mashine huonekana zuri. Niliweka moshi. Niliweka moto. Herufi za dhahabu zikazunguka hewani mara nne kabla ya kutua, na tai akapita juu ya kanisa, ingawa hakuna aliyeniomba tai. Ijumaa saa kumi jioni nikaiachia kompyuta iendelee peke yake. Jumamosi saa nne asubuhi ikamaliza. Saa kumi na nane! Nikaziandika zote kwenye bili, tarehe kwa tarehe, kwa mwandiko mzuri.

Jumapili saa moja Mama Awuor akaingia na pikapu yake ikinguruma nje. Hakuitazama video. Aliisoma bili.

"Hii Jumamosi ni ya nani?"

"Ni yako, Mama. Mashine haikupumzika hata dakika moja kwa ajili yako."

Akafungua Biblia, akatoa karatasi yangu. "Soma hapa. Kwa sauti, mtu wa diploma."

"Kompyuta ikifanya kazi, fundi anafanya kazi."

"Kwa hivyo umenifanyia kazi siku ya Sabato. Na aliyekuandika kazi ni mimi. Unataka nisimame mbele ya wazee wa kanisa na video ya Sabato?"

Mimi ni Mkatoliki. Jumamosi kwangu ilikuwa siku kama nyingine. Nikaanza kujitetea. "Mama, mimi hata sikuigusa! Ijumaa nililala mapema. Jumamosi nilikuwa kwa harusi Rongo, nikala pilau sahani mbili, uliza mtu yeyote!"

"Ah! Kwa hivyo hukufanya kazi?"

"Sikufanya kabisa!"

"Basi hizi saa kumi na nane unazonidai ni za pilau?"

Dereva wake alikuwa amejiegemeza mlangoni, akicheka mpaka kofia ikaanguka.

Mama Awuor akavuta kiti, akaketi. "Sikiza, nyathina. Mtu akiniletea gunia la mawe Masara, namsagia kwa bei ya gunia. Mawe yakiwa magumu, hiyo ni shida yangu. Yakiwa laini, ni bahati yangu. Mashine inanguruma, mimi nakunywa chai, na hakuna anayeuliza chai yangu ilikuwa ya saa ngapi. Ijumaa saa tisa nazima, kabla Sabato haijaingia, na kila mchimbaji ameambiwa tangu Jumatatu. Wewe umesoma mpaka diploma, na hujui unauza nini?"

Kisha akaniamuru nianze upya, saa hiyo hiyo. Ili niwahi, nilitoa moshi, nikatoa moto, nikamfukuza tai, yeye akitazama nyuma yangu. Yakabaki maneno "Tuezeke Pamoja" na mabati yakishuka moja moja mpaka kanisa likafunikwa. Kurenda kukaisha saa nne na nusu. Tukafika Kosele vumbi mpaka kwenye kope. Bati la mwisho lilipotua kwenye skrini, watu walipiga makofi, wakataka irudiwe mara mbili. Mama Awuor akanilipa hapo hapo, bei moja ya kazi nzima, kama ya gunia.

"Hii ndiyo niliyotaka tangu Jumatatu," akasema. "Huyo ndege alikuwa wa nini?"

Kwa hivyo, mwanangu, sasa unapoanza kazi hii, taja bei ya kazi iliyokamilika kabla hujagusa kitufe, na useme mapema itarekebishwa mara ngapi. Usimuuzie mtu uchovu wako, wala usingizi wako. Andika saa zako mlangoni: unafungua lini, unafunga lini, na siku gani hupatikani hata kwa simu. Zangu ziko pale, chini ya diploma. Jumapili nimefunga, na Jumamosi mashine inapumzika pia, ingawa mimi bado ni Mkatoliki kamili.

Mungu akupe wateja wanaosoma karatasi zako, na umeme usiopotea zikibaki sekunde tano kurenda kuishe. Na ukienda harusini, ule pilau yako kwa amani, bila kumwandikia mtu bili.