Samaki wa Sakele

Samaki wa rasi ya Sakele walikuwa wanene kuliko samaki wote wa ghuba yetu, na hakuna aliyewala. Nilipoolewa hapa kijijini Patuveke nikitokea kisiwa cha Simbo, hilo ndilo jambo la kwanza lililonikera. Changu wakubwa wanapita chini ya mtumbwi, unawaona kwa macho yako, na wewe unapiga kasia kwenda kuhangaika na vidagaa upande wa pili. Nikamuuliza mume wangu Rimu, akasema ni mwiko wa baba yake. Nikamuuliza dada yake, Nilda, akanikata jicho.

"Wifi, kwenu Simbo hamna miiko?"

"Ipo. Lakini kwetu adui akizama, tunakula samaki wa pale mpaka tunavimbiwa. Ndiyo raha ya kushinda. Pasipoliwa ni pale alipozama mtu wetu, mpaka ndugu zake waje wale samaki wa kwanza."

"Hata hapa ni hivyo."

"Sasa mbona Sakele..."

"Wifi, paka samaki wako chumvi, unyamaze."

Nikanyamaza. Nilda alikuwa mtu wa kunyamaziwa. Alikuwa mrefu, mkavu, mvuta kiko, na alipokuwa akiponda magimbi ya harusi ungedhani magimbi yenyewe yamemkosea. Mume wake alikuwa amelala Sakele, chini ya rundo la mawe ya matumbawe, na mwanawe wa kwanza kando yake, na mama yake pia. Kila asubuhi alifagia pale kabla hajafagia kwake, hatua chache tu kutoka hapo. Mimi ulimi wangu haujui kukaa, na tuligombana miaka mingi kwa mambo ya chungu na kuni, lakini nilimpenda, na nitalisema hili hapa kwa sababu mbele yake sikuwahi.

Habari ya ndege kila mtoto wa Patuveke anaijua kabla hajajua kuvaa suruali. Vita vilipofika visiwani kwetu, Mzungu aliyekuwa akilinda pwani aliwakusanya vijana akawafundisha kuchunga anga. Somo lake lilikuwa jepesi: ndege yenye wekundu bawani ni ya Mjapani, ipigeni; isiyo na wekundu ni ya Mmarekani, iacheni. Tavoa, baba yake Nilda na Rimu, alikuwa amefungua bunduki la rashasha kutoka kwenye ndege ya Kimarekani iliyoanguka kinamasini, akalifunga juu ya kisiki cha mnazi pale Sakele. Siku moja ndege zikapigana juu ya ghuba, zikizunguka na kupotelea mawinguni, na moja ikachomoka ikaja chini ikitoa moshi. Tavoa akaona wekundu, akapiga. Ndege ikapita juu ya minazi ikazama karibu na mwamba, na rubani hakuonekana tena.

Chifu wa wakati ule akachinja nguruwe, akampa Tavoa rasi nzima, yeye na uzao wake, kwa kuwa amemwua adui. Wimbo ukatungwa, na mpaka leo ndio unaoimbwa Sikukuu ya Uhuru. Kesho yake Tavoa alipiga mbizi peke yake mahali pale. Alipopanda alitangaza mwiko: mtu asizame maji yale, asivue, asile. Watu wakasema ushujaa umempa utakatifu. Alizeeka akafa, na wimbo wake ulipoimbwa hakuitikia hata mara moja. Tukasema ni unyenyekevu wa Kimethodisti.

Kisha ikaja kampuni ya magogo, ikitafuta pwani ya kuegeshea majahazi yake. Macho yao yakatua Sakele. Nilda akawafukuza. Macho ya Jobi, mjukuu wa yule chifu, yakafuata yalikotua macho ya kampuni. Jobi alianza kwa utani, kama mabaya mengi yanavyoanza.

"Dada Nilda," akasema siku moja dukani, watu wakiwa wamejaa, "hivi baba yako alipiga ndege au alipiga kelele?"

"Alipiga ndege. Wa kelele alikuwa babu yako, chini ya kitanda."

Duka zima likacheka, na Jobi naye akacheka, lakini hakuiacha. Akaenda baraza la kijiji na neno lake: ndege ile ilishuka inafuka moshi, kwa hiyo iliangushwa juu na Wamarekani, kwa hiyo Tavoa alipiga kilichokwisha kufa, na ardhi iliyotolewa kwa uongo hurudi kwa mwenyewe. Mwenyewe, bila shaka, ni Jobi. Baraza likasema lete ushahidi. Jobi akauleta, kwa boti ya injini, kutoka mji wa Munda.

Ushahidi wenyewe ulikuwa Mmarekani mzee, mwembamba, aitwaye Haskett, aliyewahi kuwa mwalimu na sasa kazi yake ni kuchunguza madai ya marubani wa vita vile: nani aliangusha nani, wapi, na nani alijitapa tu. Alikuwa amezunguka visiwa vyetu miaka kadhaa na lugha yetu ya sokoni aliisema vizuri kuliko wachuuzi wengine. Alikaa kwenye jengo la kanisa, akala muhogo tuliompa, akasubiri watu watulie.

"Marubani wawili Wamarekani," akasema, "kila mmoja alidai kwamba siku ile, juu ya ghuba hii, aliangusha ndege moja ya Kijapani. Wote waliona moshi ukishuka mawinguni. Ndege moja, wadai wawili. Nimefika hapa, nakuta ninyi mna wa tatu."

Watu wakacheka. Jobi akapiga paja. "Si niliwaambia? Wenyewe wapo, na bado wako hai!"

Haskett hakucheka. "Lakini Wajapani nao walikuwa na hesabu zao, na nimezisoma. Siku ile ndege zao zote zilirudi."

Jobi akaondoa mkono pajani.

"Sasa nini kilianguka?" akauliza Rimu.

"Ndicho nilichokuja kutazama. Kuna Mmarekani mmoja hakurudi. Luteni Pruitt. Hakuna aliyejua alielekea wapi."

Nilda aliondoa kiko mdomoni. "Baba aliona wekundu bawani."

"Namwamini, mama. Kiangazi kile, kwa muda mfupi tu, ndege zetu zilipakwa ukingo mwekundu kuizunguka nyota ya bawani, alama yetu. Baadaye ukafutwa, kwa kuogopa jambo la namna hii."

Mimi nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega, na nikamhisi akikauka. Mzungu wa pwani alikuwa amewafundisha wekundu. Hakuna aliyewafundisha ukingo. Nilijua kwamba hata yeye amekwisha kukumbuka yale maneno yangu ya Simbo, kwamba pasipoliwa ni pale alipozama mtu wetu.

"Na wale marubani wawili," Rimu akauliza, "wanasemaje sasa?"

"Nimewaambia ninachoogopa. Zamani kila mmoja alipigania iwe yake. Siku hizi kila mmoja ananipigia simu akiomba isiwe. Mmoja alikuwa rafiki wa Pruitt. Hapati usingizi. Nikiyaona matundu ya risasi nitajua. Yakiwa yametoka juu na nyuma, ni mmoja wao. Yakiwa yametoka chini..."

Jobi aliharakisha kuja kwetu mkutano ulipovunjika. Sauti yake ilikuwa imelainika, na Jobi akilainika funga mlango.

"Dada, omba yawe ya juu. Baba yako anatoka safi, hana damu ya rafiki. Rasi inarudi kwetu, na mimi nitakuachia ukae. Maana yakiwa ya chini unajua sheria. Ukimwaga damu ya mtu wa upande wako, ardhi alipoangukia ni ya ndugu zake mpaka waiachie wenyewe. Utakosa wewe, nitakosa mimi."

"Jobi," akasema Nilda, "nenda kale."

Mwiko wa baba ni mtoto peke yake awezaye kuufungua, na Rimu alimwachia dada yake neno hilo. Asubuhi Nilda akaenda kufagia makaburi, akakaa pale. Nikamfuata.

"Unaweza kukataa," nikamwambia. "Mwambie Haskett maji ni mwiko, arudi kwao. Rasi inabaki yako, wimbo unabaki."

"Wifi, wewe ulilijua siku ile ya kwanza."

"Mimi niliropoka tu. Nilikuwa natamani changu."

"Uliropoka kweli. Mimi nimelijua tangu utoto na sikutaka kulitazama. Baba hakula samaki wale. Hakula hata tulipokuwa na njaa." Akasimama, akajikung'uta mchanga. "Twende, kabla sijaogopa zaidi."

Tulikwenda na mitumbwi miwili: Nilda, Rimu, mimi, Haskett, na mzamiaji aliyekuja naye kutoka Munda. Jobi na kijiji walibaki ufukweni, mbali. Maji yalikuwa meupe kama hayana kitu. Nilda alimwaga maji ya dafu baharini, akamwita baba yake kwa jina, akasema, "Tunaingia." Mzamiaji akashuka. Changu walimpisha bila haraka. Hawakuwa wamezoea kuogopa watu.

Alikaa chini mpaka Rimu akaanza kuguna. Alipoibuka alishika ukingo wa mtumbwi, akatema maji.

"Bawa moja limelala kwenye matope," akasema. "Upande wa chini rangi ipo. Ni nyota. Ina mstari mwekundu pembeni." Akavuta pumzi. "Na yeye yupo. Bado amekaa."

Akapitisha bati alilolitoa tumboni mwa ndege, chini ya kiti cha rubani. Haskett alilipokea magotini, akalifuta kwa shati lake. Matundu yalikuwa makubwa, kidole gumba kinaingia, na kingo zake zilikuwa zimekunjika kuelekea ndani, kule alikokaa mtu. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Akamwuliza mzamiaji mgongo wa ndege na mkia ukoje. Mzima, akasema. Hauna hata tundu.

Rimu aliinamisha kichwa magotini akalia kwa sauti, mtu mzima, na mimi nikalia pamoja naye. Nilda hakulia. Aliweka kidole kwenye tundu moja, akakiacha humo.

"Mama," akasema Haskett polepole, "mimi ni mzee, na sikuja kuvunja nyumba ya mtu. Hapa tupo sisi tu. Nitachukua mifupa, aende kwao. Lakini hili la nani alimpiga, naweza kuandika kwamba halijulikani. Rasi yako itabaki. Sitakosa usingizi."

Nilimtazama Nilda kwa matumaini yote niliyonayo. Nasema kweli, nilitaka akubali. Nilitaka abaki na makaburi yake na ukali wake wa asubuhi, na huyo Luteni wa watu, aliyekwisha kufa miaka hamsini, anisamehe.

"Ukiandika halijulikani," akauliza Nilda, "wale wazee wawili utawaambia nini?"

Haskett aliligeuza bati magotini.

"Kila mmoja atakufa akidhani ndiye. Baba alijua ni yeye, akafunga mdomo, na wenziwe wakabeba mzigo wake huko mbali, hata hawajui jina lake. Andika Tavoa. Andika vizuri, wasome."

"Nilda..." nikaanza.

"Wewe ndiye uliyeniuliza kwa nini hatuli. Sasa nimekujibu."

Ufukweni alilisimulia mwenyewe, amesimama, kwa sauti ya kusomea matangazo ya kanisa. Aliposema matundu yametoka chini, Jobi alikaa mchangani. Hakuna aliyemcheka. Kisha Nilda akaingia nyumbani, akatoka na pete nzito ya kombe, ile ya kulipia damu ya watu na ardhi, iliyokuwa ya mama yake, akaiweka mikononi mwa Haskett.

"Pruitt ana nani?"

"Dada tu. Ana miaka themanini na zaidi, yuko Ohio, Marekani ya bara kabisa. Sidhani aliwahi kuona bahari."

"Hii ni yake. Mwambie na rasi ni yake. Aje ale samaki wa kwanza, au amtume mtu ale kwa jina lake, au atamke tu kwamba ametuachia. Mpaka hapo mimi ni mgeni wake."

"Atashangaa sana, mama."

"Ashangae. Ardhi ni yake."

Alikuwa hatanii. Siku hiyohiyo alitoa mkeka wake chumbani akahamia jikoni, penye moshi, kama mgeni asiyejua atakaa hadi lini. Makaburi aliendelea kuyafagia, lakini sasa alisimama kwanza pembeni akaomba ruhusa, kwa sauti, kwa mwanamke wa Ohio. Sikukuu ya Uhuru ilipofika, wimbo wa Tavoa ulipofikia zamu yake watu walitazamana, mpiga ngoma akauruka akaenda wimbo mwingine.

Haskett alirudi mwaka uliofuata na pete ya kombe ndani ya kitambaa. Wazee wawili walikuwa wameambiwa. Yule rafiki wa Pruitt alishukuru, akalia, akaomba atajiwe jina la binti wa Tavoa ili amwombee. Lakini dada alikuwa amefariki kabla ya kufikiwa. Hakuwa na mume wala mtoto. Ukoo ule ulikuwa umekwisha.

"Nilifikiri," akasema Haskett, "sasa mnaweza..."

"Hatuwezi," akasema Nilda. "Hakuna wa kutuachia."

Aliifunga pete upya akaitundika juu ya meko, mahali pa mali ya watu. Jobi hakuja kudai kitu. Kampuni ya magogo ilikwenda kisiwa kingine. Nilda bado analala jikoni, na ananiambia mahali pa kumzika atakapokufa: huku kwetu kijijini, si kule, maana mgeni hazikwi bila idhini ya mwenyeji.

Ninapopita Sakele na mtumbwi nawaona changu. Wamezidi kunenepa. Siwatamani tena.