Bibi Aliyekufa Kabla ya Vita

Kila mwaka ikifika tarehe mbili Novemba, mwalimu wetu wa siasa alitupanga mstarini na kutuambia kwamba siku kama ile, mwaka 1978, vita ya Kagera ilianza. Rais alitangaza redioni, taifa zima likasikia. Nilikuwa nikisikia hivyo damu inanichemka, na hata leo, mtu mzima mwenye wajukuu, bado inachemka. Sisi wa Kimuli, kijiji cha karibu na mpaka, hatukungoja redio. Tulisikia kwa masikio yetu, na redio ya jirani wakati huo ilikuwa inapiga muziki.

Mabomu yalianza kuvuma kutoka upande wa mpakani Oktoba haijaisha. Wiki hiyohiyo baba yangu mdogo alikuwa anaoa. Ndizi za pombe zilikuwa zimeshakamuliwa, unga wa mtama uliokaangwa umeshachanganywa, na rubisi imelala ndani ya mtumbwi wake wa mti, imefunikwa kwa majani ya migomba. Bibi, mama yake baba, alishika mila moja: pombe ya harusi haiachwi peke yake kabla wakwe hawajaionja. Ukiiacha, ni sawa na kumwambia bibi harusi asije. Mila nzuri sana hiyo, na ndiyo iliyomuua.

Baba alimwomba tuondoke wote. Alimwomba kwa upole, kisha kwa ukali, jambo ambalo sikuwahi kumwona akimfanyia mama yake.

"Mwana wange," bibi akamjibu, "wakwe watatoka Songambele kwa miguu. Wakikuta nyumba tupu watasema tumemkataa binti yao. Wewe peleka watoto. Mimi nitawamiminia, halafu nitawafuata."

Tukaenda Nyakakika kwa shangazi, na mikeka na kuku. Baba alipotufikisha aligeuza njia kwenda kumchukua. Alikuta bomu limeangukia migomba ya nyuma ya nyumba, na bibi amelala mlangoni, kata ya pombe iko mkononi. Wakwe hawakuwa wamefika. Na wao walikuwa wamekimbia. Baba na majirani wawili waliobaki wakamzika palepale shambani, bila mchungaji, bila wimbo hata mmoja. Redio ilitangaza vita siku kadhaa baadaye.

Basi nilipofika darasa la saba, uvumilivu ukanishinda. Nikanyoosha mkono, nikasema vita haikuanza tarehe mbili, maana tarehe mbili bibi yangu alikuwa ameshazikwa.

Mwalimu hakufikiri hata kidogo. "Basi bibi yako hakufa vitani," alisema. "Kaa chini."

Darasa likacheka. Wamo watoto waliocheka ambao mama zao walikimbia na sisi njia moja! Nilitamani kuwatandika wote, nikianza na aliyeshika chaki.

Nyumbani nilimweleza baba. Alikuwa mtu wa kunyamaza, mkulima wa kahawa ambaye hata akipunjwa kwenye mizani alisema asante. Sikutegemea afanye lolote. Asubuhi alivaa koti lake la kanisani, akanishika mkono hadi shuleni.

"Shikamoo, mzee," mwalimu akasema, akidhani tumekuja kuomba radhi.

"Marahaba, mwalimu. Nimeambiwa mama yangu hakufa vitani."

"Mzee, mimi nafundisha kama ilivyoandikwa. Vita ilikuwa bado."

"Nimekubali. Kama ilikuwa bado, basi mama yangu aliuawa tu, kama anavyouawa mtu yeyote. Nani alimuua?"

Mwalimu akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetafuta pa kutokea. "Sasa mzee, hilo si la shule. Hilo ni la polisi."

"Polisi nilikwenda mwaka uleule," baba akasema. "Waliniambia hilo si lao. Waliniambia ni la vita."