Ukingo wa Sinia la Taa

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya bandari, hapa Mwanza, Injinia alinipa nyundo ya mbao akaniuliza kama nimewahi kufua shaba. Enzi hizo Mwingereza ndiye mwenye nchi. Nilijibu kwa majivuno, maana kule mtaani kwetu Igogo makarai niliyofua yalikuwa hayakai dukani.

Kazi ilikuwa kiakisi cha taa ya kuongozea mashua: sinia kubwa la shaba la kurudisha mwanga, likizungushwa na mtambo wa kutiwa ufunguo kama saa ili mwanga ufagie ziwa. Nyinyi vijana wa rada mnaonisikiliza mnatumia sinia la jamii hiyo hiyo, ila lenu linarusha mawimbi ya redio. Umbo lake si nusu mpira. Mkunjo wake hupimwa kwa kiolezo, yaani ubao uliochongwa, ili miale itoke imenyooka pamoja.

"Fuata ubao," Injinia aliniambia. "Jicho lako liache nyumbani."

Nikafuata. Kisha, kwa mazoea yetu wafua makarai, nikakunja ukingo usije ukamkata mtu mikono. Kumbe kila pigo la ukingoni lilivuta tumbo la sinia na kupotosha mkunjo wake, nami sikupima tena.

Jioni ya kuiwasha taa, nahodha wa mashua ya Ukerewe alikuwa anarudi na abiria. Ni baba wa Felista, mchumba wangu, na nilikwisha kumtambia kwamba sasa mimi ndiye nitakayemwangazia njia. Mwanga ulitawanyika hovyo, mashua ikapanda mwamba. Abiria walitoka salama, wamelowa chapachapa. Nahodha alinijia mbele ya wote.

"Shikamoo, baba," nilisema, macho chini.

"Marahaba. Binti nitakupa, neno langu silirudishi. Lakini taa yako siiamini tena."

Nilifua sinia jingine, likafuata ubao barabara. Manahodha wote walilisifia, isipokuwa yeye. Tangu hapo, jua likimzamia Ukerewe, alilala huko huko kisiwani, asisafiri usiku.

Miaka ikapita. Felista, sasa mke wangu, alipozidiwa na uzazi, nilimpelekea baba yake habari, zikamfikia kisiwani jioni. Akangoja kukuche. Alipofika alikuta waombolezaji uwanjani.

"Taa ilikuwa inawaka?" aliniuliza.

"Ilikuwa inawaka, baba."

"Vizuri?"

"Vizuri."

Akaketi chini, akajifunika uso. Siku ya kustaafu kwangu wakubwa waliisifia taa ile mbele ya watu, wakapiga makofi. Nilitamani ardhi inimeze.