Punje Chini ya Ulimi

Jumamosi asubuhi, jirani na nyumba ninayopanga hapa Mushasha, mjini Gitega, huchinjwa nguruwe. Sauti yake huanzia juu kabisa, kama ya mtoto aliyebanwa kidole mlangoni, kisha hukatika ghafla. Walimu wenzangu ninaopanga nao hucheka na kuulizana nani atanunua ini. Mimi huweka kalamu chini nikangoja iishe, maana najua jinsi mnyama yule anavyoshikwa. Nimewahi kumshika.

Tulirudi Burundi kutoka Tanzania nikiwa na miaka tisa. Tulivuka mpaka, tukapandishwa hadi kilima cha babu huko Muyinga, na shamba tukalikuta limebaki nusu. Baba, aliyekulia kwenye kambi ya wakimbizi na kuzungumza Kiswahili cha redioni, hakugombana na mtu. Alisema mkono mtupu haulambwi, akapata nguruwe jike mmoja, akamwacha azurure ajitafutie. Choo hatukuwa nacho. Tulikwenda migombani, na nguruwe alitufuata huko kwa adabu, akasimama pembeni kama mgeni anayengoja kukaribishwa mezani. Sisi watoto tuliona ni kichekesho kikubwa.

Mwaka wa pili mama alianza kuanguka. Alikuwa akipalilia, mara jembe linamtoka, macho yanageuka, povu linajaa mdomoni. Pale kilimani kifafa walikiita intandara, na hapakuwa na asiyejua kwamba ukiguswa na povu la mgonjwa kinakuhamia wewe. Baba aliapa kumuuza nguruwe ili ampeleke mama kwa mganga mmoja aliyesifiwa huko Buraza. Mimi niliamini kabisa kwamba nguruwe akikosa mnunuzi, mama atakufa.

Mnunuzi alikuwa mmoja tu, Papa Shukuru, Mkongomani wa Kivu Kusini aliyezunguka vilimani kwa baiskeli kutafuta nguruwe wa kupeleka Gitega. Hakununua bila kutazama ulimi. Nguruwe aliangushwa, akawekewa gongo kati ya mataya, ulimi ukavutwa kwa kitambaa, naye akapitisha kidole gumba chini yake. Akigusa punje ya ugonjwa chini ya ngozi, hata moja, alipanda baiskeli yake akaondoka. Kwa hiyo wenye nguruwe walizitoa punje mapema, kabla hajafika.

Asubuhi ile baba na baba mdogo walimbwaga wetu uani. Baba alimkalia shingo. Mimi niliitwa kwa sababu mkono wangu ulikuwa mdogo, nikapewa sindano ya kushonea magunia. Nilizitoboa moja moja, zikaruka nje nyeupe na laini, damu ikinichuruzika mpaka kiwikoni na nguruwe akinililia usoni. Kisha gongo likateleza. Meno yalifunga kwenye kidole changu cha shahada. Baba alimpiga nguruwe puani kwa gongo hadi akaachia, halafu akanipiga na mimi kwa kupiga kelele, maana kengele ya baiskeli ilikuwa imeshasikika njiani. Siku ile nilimchukia baba, na sioni sababu ya kuficha.

Papa Shukuru aliufungua mdomo wa nguruwe akaona damu mbichi. Akakitazama kidole changu, kilichofungwa kwa jani la mgomba. Hakukasirika. Alisema mambo haya aliyasikia kwa daktari wa mifugo kule Gitega, kisha akamwambia baba kwa sauti ya chini:

“Papa Neema, ngulube haizaliwe na hii mbegu. Iko mutu mu hii nyumba ana tegu mu tumbo, na ngulube inakula choo yake. Ugonjwa ya mama Neema inatoka palepale. Acha mganga, mupeleke ku hôpital.”

“Unasema nyumba yangu inalishana mavi?” baba akauliza.

Hakungoja jibu. Gongo lilimpata Papa Shukuru mdomoni, akaanguka pamoja na baiskeli yake. Baba mdogo akaingia kwa mateke. Majirani walifika mbio na kusimama kutazama. Mama alitoka ndani ili amshike baba mkono, lakini hakumfikia. Alianguka kando ya mafiga yaliyokuwa yamebeba sufuria ya maji, na mkono wake wa kulia ukaingia kwenye makaa.

Wote walirudi nyuma. Baba, mwenye nguvu zote zile, alirudi nyuma na gongo lake. Mimi nilikuwa karibu kuliko wote, hatua tatu tu, nami nilirudi nyuma. Tulisikia ngozi yake ikiungua. Papa Shukuru alitambaa, damu ikimtoka kinywani, akamvuta mama kwa gauni, na povu likampaka shavuni.

Alimbeba kwenye baiskeli ileile ya nguruwe hadi zahanati, baba akisukuma nyuma. Baadaye mama alipelekwa hospitali Gitega, akapewa dawa ya kifafa anayoimeza mpaka leo. Sisi wengine tulipewa vidonge vya minyoo. Baba alimchinja nguruwe, akamchoma moto na kumzika, kisha akachimba choo siku tatu, peke yake. Kifafa hakikumhamia Papa Shukuru.

Katika choo kile kipya ni mimi peke yangu niliyetoa kitu: utepe mweupe, bapa, mrefu kunipita. Nilimkimbilia baba kwa fahari kumwambia mdudu ametoka. Aliniziba mdomo kwa kiganja, taratibu, akasema nisimwambie mama. Nilidhani anaona aibu.

Nilikuja kuelewa katika chuo cha ualimu, kwenye somo la afya. Mwenye tegu hutoa mayai chooni, mayai hubaki kwenye mikono isiyooshwa, na anayeyameza hupata punje zilezile mwilini mwake, wakati mwingine ndani ya ubongo. Nilifunga daftari nikatoka nje. Tangu tuliporudi, mpishi wa nyumba yetu nilikuwa mimi, kwa kuwa mama alishinda shambani. Sitajua kwa hakika kama mayai yalitoka mkononi mwangu, lakini baba nadhani alijua siku ile aliponiziba mdomo, na amekufa na siri hiyo.

Mama yupo Muyinga, mkono wake haunyooki. Kila ninapokwenda huita majirani, hukishika kiganja changu na kuwaonyesha.

“Mkono huu,” huwaambia, “umenilisha tangu ukiwa mdogo hivi.”

Nami humwachia aushike, na mpaka leo sijamwambia.