Fedha za Makala ya Uzi

Benki ilipomtumia ujumbe kwamba kuna fedha zimeingia kutoka nje ya nchi, Fikirini alivaa kanzu ya Ijumaa, ingawa siku yenyewe ilikuwa Jumanne, akaenda kuzirudisha.

Alikuwa fundi wa kutengeneza vyerehani pale mtaa wa Gerezani, mwaka wa thelathini na moja sasa. Nje ya nchi hakuwa na ndugu wala mteja.

"Kuna mtu kakosea," alimwambia dada wa kaunta. "Zirudisheni zilikotoka."

"Mzee wangu, hakuna aliyekosea. Jina lako, namba yako. Ni za matangazo ya mtandaoni."

"Mimi sijatangaza kitu!"

Foleni ikaanza kuguna. Alitoka, akanyoosha mpaka Mchafukoge kwa Candida, binti wa Kichaga mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi. Miezi saba nyuma, Fikirini alikuwa amechoka kupigiwa simu na mafundi wa mikoani wenye maswali yaleyale: uzi unakatika, bobini imekwama. Candida akamshauri aandike majibu mara moja, wote wasome. Akamfungulia blogu. Kila Jumamosi Fikirini alipeleka karatasi mbili tatu za daftari, binti akazichapa. Siku moja Candida alimsainisha fomu. Fikirini akadhani ni mambo ya kodi.

"Shikamoo, mzee Fikirini."

"Marahaba. Candida, nimemuuzia nani nini?"

Binti alicheka, akamgeuzia kompyuta. Makala ya uzi unaokatika ilikuwa imesomwa mara elfu tisa. Pembeni yake palikuwa na picha ya cherehani kipya cha umeme, kinang'aa.

"Hawa ndio wanaolipa. Watu wakija kukusoma, wanaliona tangazo lao."

Fikirini alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mimi nawafundisha watu wasitupe vyerehani vya zamani. Anayenilipa anataka wavitupe?"

"Ndiyo hivyo."

"Anajua ninachoandika?"

"Sidhani hata kama anajua Kiswahili."

Nyumbani Ilala, mkewe Nasma alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umemwibia mtu, baba Haruna?"

"Hapana."

"Umemdanganya?"

"Hapana."

"Sasa mbona umekaa kama mwizi?"

Fikirini alivua kanzu, akaitundika. Alhamisi akapigiwa simu na Sista Severa wa Mbinga, anayefundisha mabinti ushonaji. Vyerehani vyake saba vilikuwa vimekufa. Kwa kusoma blogu, mabinti walivifungua wenyewe, na sasa sita vinashona.

"Nikutumie shilingi ngapi, fundi?"

"Nimeshalipwa, Sista."

"Na nani?"

Fikirini alifungua kinywa, akakosa jina. "Na watu fulani."

"Mungu awabariki watu hao," alisema Sista, na Fikirini akaitikia amina bila kujua anamwombea nani.

Jumamosi alimpelekea Candida makala mpya. Sentensi ya kwanza ilisema: Usinunue kipya kabla hujasoma hapa.

"Nichape hivihivi?"

"Hivyohivyo. Wakikasirika, waache kulipa."

Hakuna aliyekasirika. Jioni, chini ya makala, maoni mawili yalikuwa yameingia. Fundi wa Tabora alishukuru, akauliza mafuta gani yanafaa. Mwingine aliuliza kama Fikirini ndiye wakala wa kile cherehani cheupe cha pembeni, na kama anafikisha mzigo Tabata.

Fikirini aliyasoma yote mawili, akarudia. Kisha akamjibu wa Tabora.